Kiti Nilichomnunulia Mama

Kiti kile nilikinunua mwenyewe na kukitangaza mtaa mzima. Cha ngozi, kina mikono minene na pa kuegemeza miguu. Nilimwambia mama, "Kuanzia leo kazi yako ni kukaa."

Mama alikuwa dobi. Miaka thelathini alisimama mbele ya meza akipiga pasi mashati ya watu, kisha akayabeba kichwani kuyapeleka mlango kwa mlango. Mashati hayo ndiyo yaliyonisomesha. Nilipopata kazi ya mapokezi kwenye ofisi kubwa nikamchukua tuishi pamoja. Alikuja na pasi yake, na haukupita muda majirani wakaanza kumletea nguo. Nikampokonya pasi, nikaiweka juu ya kabati. Watu wakanisifu kwamba namtunza mama kama yai, nami nikavimba kichwa.

Basi ikawa hivyo. Akiinuka kuchukua maji, "Mama, kaa!" Akishika ufagio, "Mama, utanitia aibu, kaa!" Chai nilimletea kitini, chakula kitini, rimoti mkononi. Mimi mwenyewe nilishinda nimekaa kazini, na nikirudi nakaa naye. Tukanenepa wote wawili, tukasema ni neema.

Mwaka wa pili alianza kuinuka kwa kushika ukuta. Uzee huo, nikasema. Akawa anahema akitoka chooni. Uzee huo huo. Kisha Jumatatu moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kiti, nguo zimelowa. Alikuwa ameanguka saa nne asubuhi, na sasa ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Miguu imegoma, mwanangu. Nisamehe," alisema. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Hospitali hawakuona mfupa uliovunjika. Sukari ilikuwa juu, presha juu. Mtaalamu wa viungo, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alimkalisha kwenye kiti kigumu akamwambia asimame bila kushika kitu. Mama alijisukuma mara tatu. Wapi! Yule mtaalamu akanigeukia.

"Nyumbani anafanya kazi gani?"

"Hafanyi chochote," nilijibu, tena kwa majivuno, kama nilivyozoea.

"Basi hicho ndicho kilichomwangusha. Misuli imelala. Nawapa miezi miwili. Asipoanza kuinuka mwenyewe sasa, mbeleni atakuwa mtu wa kubebwa."

Akatupa zoezi: kukaa na kusimama, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.

Ningependa kusema nilibadilika siku ile ile. Sikubadilika. Mama akianza kutetemeka nilimtia mkono kwapani nikamwinua, halafu nikaandika kwenye daftari "kumi". Wiki tatu nilimdanganya mtaalamu hivyo, mpaka mama akanipiga kofi mkononi.

"Niache nianguke! Ukiniinua wewe, mimi nimesimama lini?"

Nikakaa pembeni, viganja nimevikalia. Aliinuka nusu, akarudi. Akainuka nusu, akarudi tena. Mara ya sita alisimama wima, jasho likimtiririka, akatazama juu ya kabati.

"Nishushie pasi yangu."

Roho ikaniuma, maana kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu. Pasi ile sikuiondoa kwa huruma. Tulikuwa tunatoka kazini na mwenzangu wa mapokezi, tunayemwita Redio kwa umbea wake, mama akapita mbele yetu na furushi kichwani, akaingia kwangu. Redio akacheka pale mlangoni, akauliza, "Yule bibi wa nguo ni mfanyakazi wako?"

Nikasema ndiyo. Jioni ile pasi ikapanda kabatini, na kabla mwezi haujaisha nikanunua kiti. Nilimkalisha mama ili nisionekane binti wa dobi. Kwa ajili hiyo alishinda sakafuni kutwa nzima.

Nikaishusha pasi. Mwanzoni alipiga shati moja akapumzika, siku ya pili mawili. Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha alikuwa na furushi zima la jirani wa mtaa wa pili.

"Miguu yangu haijafika huko bado," alisema. "Peleka wewe. Au nawe miguu imegoma?"

Nilibeba furushi kichwani. Kabla ya kona ya kwanza nilikuwa nahema, magoti yanalia, na umri wangu ni miaka thelathini na sita. Mbele ya duka la mkate nikakutana uso kwa uso na Redio.

"Shoga! Na hilo furushi?"

"Nguo za watu. Mama yangu ni dobi. Yule bibi uliyemwona ni mama yangu."

Nilitaraji acheke. Alinitazama tu, na macho yale yalinichoma kuliko kicheko.

Nilirudi nimelowa jasho. Mama alikuwa amesimama mezani, mkono mmoja kwenye pasi, wa pili ukinyoosha kola. Hakuwa ameshika kitu cha kumtegemeza.

"Umefikisha?"

"Nimefikisha."

Akaigeuza kola, akaipitisha pasi taratibu.

"Na yule mwenzako aliyekuuliza mlangoni siku ile, amekuona?"

Nikashika fremu ya mlango. Miaka miwili nilidhani hakusikia.

"Ameniona, mama."

"Haya," akasema. "Kesho kuna mashuka. Ni mazito."