Kasoro za Viwanja vya Marbury

Serikali ya jimbo letu ilipotangaza kwamba inataka kuuza viwanja vya maonesho vya Marbury, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele, na wanaonijua hawakushangaa. Walisema viwanja vinakula fedha mwaka mzima kwa ajili ya siku chache za maonesho. Kampuni moja ya maghala ilikuwa tayari imeanza kupima ardhi, kama bwana harusi anayepima mapazia kabla hajakubaliwa posa.

Kelele zangu zilikuwa na sababu. Mume wangu Lowell aliwaweka farasi wake watatu katika mabanda ya pale, na kila asubuhi aliwazungusha kwenye njia ya mbio. Si farasi wa kupandwa mgongoni. Ni wale wanaokokota kigari cha magurudumu mawili, dereva kakaa nyuma yao karibu na mkia. Shamba letu tulishaliuza. Viwanja vikiuzwa, farasi wanauzwa, na mzee wa miaka sabini na ushee asiye na pa kwenda asubuhi hadumu. Nimewaona wengine.

Kura iliyongojewa kwenye kamati ya kuamua mauzo hayo ilikuwa ya Seneta Koerner, kijana wa wilaya ya jirani, aliyekuwa hajasema ndiyo wala hapana. Nikapata wazo. Kabla ya kikao cha wananchi, nikamwalika aje asubuhi apande kigari na Lowell, maana hakuna mtu Marbury anayeaminiwa kumshinda Lowell, ingawa maneno yake ni ya kuhesabu.

"Umempa bubu hotuba," akaniambia Twyla Pruett, msimamizi wa mashindano ya pai, ambaye amenichokoza tangu tukiwa wasichana.

"Bubu wangu akisema, watu wanasikiliza. Wewe unasema tangu alfajiri, nani amewahi kusikiliza?"

Seneta alikuja, viatu vyake vinang'aa. Wakazunguka taratibu wote wawili kwenye kigari, na kwa mbali nikaona midomo ya Lowell inacheza. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Seneta aliposhuka alimshika mkono Lowell, akanipungia kofia, akaenda zake akiwa na mawazo.

"Haya, umemwambia nini?" nikauliza.

Lowell alikuwa anamfungua farasi jike wake, Petunia. "Nimemwambia paa la jukwaa la watazamaji limeoza. Mabomba ya mabanda ya ng'ombe yamepasuka. Mvua ikinyesha magari yanazama matopeni. Na watu wanapungua."

"Na mazuri?"

"Hakuniuliza."

Niliketi juu ya ndoo. Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu, kwa sababu desturi ya mabanda yale naijua kama jina langu. Ukimpandisha mtu kigarini kumjaribu farasi wako, unamtajia kasoro zake zote kabla hajauliza neno. Ukishamaliza, mnunuzi anakuuliza, "Sasa mbona bado unaye?" Ni hapo tu unaporuhusiwa kusifu. Anayesifu farasi wake bila kuulizwa huitwa dalali, na watu humwepuka. Lowell aliviuza viwanja vya Marbury kama anavyouza farasi, kwa mtu asiyejua kwamba zamu ya kuuliza ilikuwa yake.

"Ungeweza kunyamaza!" nikafoka.

"Kapanda kigari changu, Nadine. Nimfiche?"

"Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini Mungu hapigi kura kwenye ile kamati!"

 Lowell aliendelea kumsugua Petunia, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu, kwa hasira tupu, ingawa gari lilikuwepo.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kushindanishia kondoo, na watu walijaa hadi mlangoni. Seneta Koerner alisimama mbele akazisoma kasoro zile moja moja: paa, mabomba, matope, watu kupungua. Kisha akasema, "Haya sikuambiwa na wapinzani wenu. Niliambiwa na Bwana Lowell Ditzler. Kuna mtu anayesema si kweli?"

Shingo zote zikageuka. Mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," na Lowell akatazama vidole vyake. Nilimhurumia kuliko nilivyokuwa nimemkasirikia. Twyla, nisimsingizie, alimgeukia yule mnong'onaji akamwambia afunge mdomo.

Nikaenda kwenye kipaza sauti. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne, yenye babu zetu ndani yake na kila kitu. Sikuisoma.

"Mheshimiwa," nikasema, "hakuna aliyedanganya. Lakini wewe uliondoka kabla biashara haijaisha. Kwetu, ukitajiwa kasoro, unatakiwa uulize swali."

"Swali gani, mama?"

Kabla sijafungua kinywa, watu wa farasi waliojibanza kwenye ukuta wa nyuma walipaza sauti pamoja: "Mbona bado unaye?" Ukumbi ukacheka, hata seneta naye akacheka.

"Haya, Bwana Ditzler," akasema. "Mbona bado tunavyo?"

Lowell alisimama polepole, kofia mkononi.

"Farasi nikimuuza leo nikajuta, kesho natafuta mwingine. Nimefanya hivyo mara nyingi. Hapa mkipauza mkajuta, mtamwendea nani awauzie mahali pengine? Tunavyo kwa sababu hiyo. Bomba unabadilisha. Tope unalimwagia kokoto. Mimi nina koleo, na wengi humu wanazo."

"Na jukwaa? Ukarabati wake peke yake unameza bajeti yote."

"Jukwaa libomoeni. Litaua mtu."

Ukumbi mzima uliguna. Jukwaa lile ndilo Marbury. Na kila mwenye mvi mle ndani alijua kwamba baba yangu alikuwa mmoja wa maseremala waliolijenga. Lowell hakunitazama. Seneta ndiye aliyenitazama.

"Mama Ditzler, likibomolewa, mimi napiga kura viwanja vibaki. Lisipobomolewa, siwezi. Wewe ndiye uliyekusanya watu hawa. Unasemaje?"

Nilitamani kumwambia kwamba mbao zile baba alizichagua kwa mkono wake, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenzake serikalini ndio walioacha kuuziba ufa huo miaka yote. Yote yalikuwa kweli. Lakini paa nalo lilikuwa limeoza kweli, na mtu pekee aliyethubutu kulisema nilimwacha siku ile ale chakula cha jioni peke yake.

"Libomoeni," nikasema. Twyla alinipa leso yake iliyojaa unga.

Kura ya kuvibakiza viwanja ilipita kwa tofauti ya mtu mmoja. Viwanja vikabaki mali ya umma. Jukwaa liliangushwa baada ya mavuno, kwa mashine, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Lowell alisimama nami hadi mwisho. Nililia bila kujificha, naye alinishikia mkoba.

Kiangazi kilichofuata watu wa Marbury tuliketi kwenye viti vya kukunja, juani, pua zimetubabuka, tukitazama mbio. Petunia alikuja wa mwisho, mbali kabisa na wenzake, Lowell nyuma yake hana haraka. Tulisimama sote kwenye majani, tukampigia makofi mpaka akapita mstari.