Tukisubiri Taa Ipoe

Siku ile kichwa kilikuwa chepesi tangu asubuhi, na wala si kwa njaa. Mimi ni msusi, mjane, mtu mzima mwenye saluni yangu na magoti yanayolalamika, lakini nilijikuta nacheka peke yangu mbele ya kioo mpaka mteja akaniuliza kama kichwani kwake kuna kichekesho. Fundi wa injini za boti alikuwa amenialika tukapige hema ng'ambo ya ziwa. Mdogo wangu wa kike angekuja pia, watu wasipate la kusema.

"Asipotamka ndoa safari hii, basi," mdogo wangu alinionya. "Mwaka mzima mwanaume anakunywa chai yako na kukagua mtungi wako wa gesi! Atakuzeesha bure, dada."

Nikaapa kwamba safari ikipita kimya, namwacha. Niliapa kwa sauti kubwa kwa sababu nilikuwa nampenda mpaka najionea aibu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kila mapenzi yakimpanda kooni, mdomoni hutoka tahadhari. Akianza na "Nilitaka kukuuliza," humalizia na "kama ule mpira wa gesi umeubadilisha." Ndiyo maana mdogo wangu alimbandika jina la Bwana Tahadhari.

Tukaanzia dukani, kununua taa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye karabai, ile ya kupampu, inayong'aa mpaka unaona vumbi la jirani. Nilitaka aone uso wangu vizuri wakati ananiuliza.

Fundi akatikisa kichwa. "Hiyo nzuri ikitulia mahali pamoja. Kile kisoksi chake cha kutoa mwanga kikishawashwa mara ya kwanza kinabaki majivu matupu. Wimbi moja tu, kwisha habari yake. Kwenye boti twende na ya chemni, ile ya utambi na kioo."

Akaichukua taa ya chemni kama daktari anayepokea mtoto. Akapima kitako kama ni kipana, akatikisa kioo kama kimeshikwa vizuri na waya zake, akaomba mafuta ya taa kidogo, akajaza, akafunga, akaifuta na kuiweka juu ya gazeti. Kisha akainama kusubiri kama gazeti litalowa. Tukasubiri sote, na wateja wawili wasiotuhusu.

Muuza taa akatoa kijiti cha meno mdomoni. "Mzee, unanunua taa au unaoa?"

Wateja wote wakageuka. Fundi akafuta jasho, akanigeukia. "Nilitaka kukuuliza," akasema, na mimi nikashika kaunta, "unaonaje, tuchukue na kioo cha akiba?"

Mdogo wangu alitoka nje kwenda kucheka.

Baada ya majaribio ya dukani taa ilimiminwa, ikasafiri botini tupu, mafuta yake kwenye kopo la bati, mbali na petroli ya injini. Jua lilipoanza kuzama nikasema tuiwashe, angalau tupendeze. Ngoja, akasema, mpaka tangi la petroli lifungwe na harufu iishe. Ngoja, mpaka apate ndoano isiyo karibu na nguo. "Na huo mtandio wako, tafadhali, ufunge." Mwishowe akaijaza, ikawaka, ikaning'inia ikiyumba, nikaanza kuimba nikiwa nimevaa jaketi la kuokolea lililonifika masikioni. Sijui nilikuwa naimba nini.

Ufukweni, mdogo wangu, ambaye giza linamtisha kuliko simba, akataka taa ilale naye hemani.

"Hata dakika moja," fundi akasema. "Hema ni kitambaa. Na moto wa mafuta mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu analala, haamki." Akampa tochi ya betri. Mdogo wangu akaingia hemani akinung'unika.

Tukabaki wawili, taa katikati yetu juu ya jiwe bapa. Nikapanga uso wangu vizuri.

"Nilitaka kukuuliza," akaanza.

"Niulize."

"Kama... kama mafuta yanatosha."

Nilikaribia kumrushia kandambili. Akainuka, akachukua kopo macho yakiwa kwangu, halafu Bwana Tahadhari mwenyewe, kwa vidole vyake mwenyewe, akaanza kufungua kifuniko cha taa inayowaka.

"We! Inawaka!" Nikamdaka mkono.

Akautazama ule mkono kana kwamba si wake. Akaweka kopo mbali, akateremsha utambi, akapuliza. Giza likatumeza.

"Lazima ipoe kwanza," nikasema kwa ukali.

"Lazima ipoe," akakubali kwa sauti ndogo.

Tukakaa. Hapakuwa na mwali wala kifuniko, hapakuwa na kitu chochote cha kukagua. Hasira zilikuwa zimenipanda, nikafungua mdomo nimwambie kwamba namwacha.

"Msusi," akanitangulia. "Kila nikilala nawaza kama umezima jiko. Kama umefunga mlango. Kama ile waya ya saluni haijakupiga shoti. Naamka, navaa viatu, nafika getini kwangu, narudi, maana nitakuja kukugongea niseme nini? Nimechoka kuwaza nikiwa mbali. Nataka nikiamka nipite jikoni mwenyewe, niangalie, halafu nirudi nilale ulipo wewe."

Tangu nimzike marehemu, hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya mlango wangu. Nikajibu, lakini jibu lilichanganyika na kicheko na machozi, likatoka kama kwikwi.

"Umesemaje?" akauliza, sauti imejaa hofu.

"Amekubali!" mdogo wangu akapiga kelele kutoka hemani. "Amekubali, shemeji, haya tulale!"

Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nikampapasa gizani mpaka nikapata sikio lake, nikamwambia mwenyewe.