Madebe Yetu Kwenye Televisheni

Katika mtaa wetu, hatua chache kutoka Makongeni, maji hayakuwa na saa. Yaliweza kutoka saa moja asubuhi au saa sita mchana, na mfereji uliofanya kazi ulikuwa mmoja tu. Ule wa pili ulifungwa na fundi aliyesema anautengeneza. Aliondoka na kishikio cha mfereji, na hatukumwona tena. Kwa hiyo akina mama walipanga madebe foleni alfajiri, kisha wakarudi nyumbani kufua na kupika. Debe lilishika nafasi ya mtu. Lakini maji yakitoka na mwenye debe hayupo, alirukwa.

Mama yangu, Wayua, aliuza ndizi soko la Jericho, kwa hiyo asubuhi hakuwepo. Ndiyo sababu mimi, Syombua, niliacha shule nikiwa darasa la tano. Miaka minne nilikaa juu ya jiwe kando ya mfereji. Maji yakitoka, nilipita kwa majirani nikigonga milango. Sikuita. Sikuwa mtu wa kupaza sauti.

Mwaka huo wa sabini na tisa, fundi mmoja wa nguo alikubali kunifundisha cherehani kuanzia Julai. Nilifurahi mpaka Mama aliposema, kama jambo la kawaida, kwamba sasa debe litashikwa na Nthambi, mdogo wangu. Nthambi alikuwa darasa la sita na alipenda sana hesabu. Nilitamani tu mfereji wa pili ufunguliwe kabla ya Julai, ila sikujua wa kumwambia.

Mwezi Juni watu wa televisheni wakaja. Walikuwa na kipindi cha Jumatano jioni ambapo wakubwa walizungumza mambo ya mitaa: nyumba, masoko, kazi, siasa za wabunge. Tulikitazama kwenye holi ya mtaa, katika televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao. Nilikipenda. Nilijiuliza wakubwa wale wanapojibu humtazama nani, na kwa nini hakuna anayewaambia warudie pale tulipokosa kuelewa.

Mwenyekiti wetu, Mzee Bedan, aliwaita watu wote holini awasomee wageni hotuba ya shukrani. Ilikuwa kurasa tatu. Akina mama walijifunga vitambaa vipya wakaenda. Mimi niliachiwa madebe kumi na tisa.

Haukupita muda mrefu, mpiga picha akatoka holini akaja mferejini. Nadhani kurasa zilimchosha. Aliyazunguka madebe amefumba jicho moja, halafu akaanza kuyahamisha: makubwa nyuma, madogo mbele, picha ipendeze. Nilikuwa nimewahi kuona wanawake wawili wakipigana hapo kwa sababu ya nafasi moja. Alipokamata debe la tatu, nilijikuta nimesimama.

"Usiguse," nilisema.

"Dada, ni madebe matupu tu."

"Hilo ni Mama Nabwire. Umemweka nyuma ya Mama Wanyoike, na yeye aliamka saa kumi."

Mtangazaji, Bwana Amolo, alikuwa amemfuata mwenzake, akasikia. Hakucheka. Aliniomba niyarudishe moja moja huku nikimwambia kila debe ni nani. Kusema habari zangu nisingeweza, lakini za madebe nilizijua. Huyu ana mtoto wa wiki mbili. Huyu ni Mzee Ndung'u, amefiwa na mke, anajifulia mwenyewe. Huyu ni wa reli, zamu yake ni ya usiku, hulala mchana, ni lazima umgongee dirisha mara mbili. Nilitaka kujua ile mashine ya picha iliyokuwa ikinguruma inaona nini, lakini mikono ilikuwa kazini.

"Na hili la mwisho?" akauliza Bwana Amolo.

"Letu."

"Nani hulijaza?"

"Mimi. Mwezi ujao ni mdogo wangu."

"Haendi shule?"

"Anakwenda. Yuko darasa la sita."



Jumatano iliyofuata holi ilijaa. Afisa mmoja wa maji, mwenye tai pana, alieleza kwenye televisheni kwamba mfereji mmoja watutosha, kwani hajawahi kupata habari ya watu kusimama foleni. Hapo ikaonyeshwa filamu. Watu kweli hawakuwepo. Yalikuwepo madebe, mikono miwili ikiyapanga, na sauti ndogo ikitaja majina. Sikuitambua mpaka Nthambi aliponishika mkono. Sauti ikafika debe la mwisho, ikasema darasa la sita.

Mwendesha kipindi akamuuliza afisa mfereji wa pili utafunguliwa lini. Afisa alichukua bilauri iliyokuwa mezani akanywa maji taratibu.

"Huko yanatoka saa zote," mtu akasema nyuma yetu, watu wakacheka. Kabla afisa hajaimaliza bilauri, muziki ukapigwa na kipindi kikaisha.

Mama alikuwa akinitazama.

"Kumbe hukutaka Nthambi akae pale?"

"Sikutaka, Mama."

"Na ukaenda kumwambia mgeni."

Mama alisimama, akawauliza wanawake waziwazi: ikiwa watoto wake wote wawili hawatakuwepo, debe lake lifanyweje? Mzee Bedan alimkumbusha sheria: asiyekuwepo hurukwa.

"Mzee, kaa na karatasi zako," Mama Nabwire alisema. "Huyu msichana ametugongea milango miaka minne. Sisi wote hawa tutashindwa kujaza debe moja?"

Hakuna aliyebisha. Wakaanza kupanga zamu papo hapo, na Mama Nabwire akachukua Jumatatu.

Mfereji wa pili Julai iliukuta umefungwa vilevile. Jumatatu ya kwanza Nthambi alikwenda shule, nami nikaenda kwa fundi. Alinipa kitambaa kibovu nishone mistari iliyonyooka. Kama saa nne hivi mguu wangu ulisimama wenyewe juu ya kanyagio la cherehani. Fundi akauliza kama uzi umekatika. Nilisema hapana. Nilikuwa nikijiuliza kama maji yametoka, na ni nani aliyekumbuka kugonga dirisha la yule wa reli.