Dawa ya Mke wa Makenika

Mke wa makenika alimaliza kushona begi la shule, akakata uzi kwa mkasi, kisha akameza kidonge chake cha jioni. Moyoni alikuwa na vali ya chuma, mlango mdogo wa kupitisha damu. Nesi wa kliniki alikuwa amemweleza: "Damu ikipita kwenye chuma hupenda kuganda. Kidonge kinaizuia. Ukiacha, bonge litapanda kichwani. Ila ukigongwa kidogo tu, damu itavilia. Jihadhari."

Angejihadharije? Mumewe alirudi akakuta chai imepoa. Alimcharaza kwa mkanda wa feni mpaka ukakatika, akamalizia kwa mateke. Wapangaji wenzao waliongeza sauti za redio.

Asubuhi ngozi ya mke ilikuwa safi kama ya mtoto mchanga. Alama zilikuwa kwa wengine. Mwenye nyumba alikuwa nazo shingoni, meno ya mkanda yakionekana moja moja. Kinyozi alikuwa nazo mgongoni. Mama mkwe, wa chumba cha pili, jicho lake lilikuwa jeusi na limefumbika. Kila mtu alipata kadiri alivyosikia. Kiziwi wa chumba cha mwisho hakupata kitu. Maumivu yalibaki kwa mke mwenyewe.

Hakuna aliyeshangaa. Kinyozi alivaa shati la mikono mirefu akaenda kazini. Lakini kipigo kilichofuata kilimvimbisha uso, wateja wakamkimbia, ndipo watu wa nyumba ile wakakaa kikao uani.

"Mwanangu ana mkono mzito tangu utoto," alisema mama mkwe. "Ndivyo alivyo."

"Wagombanao ndio wapatanao," alisema mwenye nyumba. "Ila hizi alama zinatuaibisha."

"Basi tatizo ni dawa yake, ndiyo inayofanya damu ivilie," alisema kinyozi, na wote wakakubali.

Mama mkwe alivichukua vidonge akavimwaga chooni.

"Nitakufa, mama," alisema mke.

"Hufi, mwanangu. Mbona sisi hatumezi na tunaishi?"

Kweli alama ziliwatoka. Makenika hakuacha kupiga. Siku moja, mkewe akitunga uzi kwenye sindano, mkono wa kulia ulimlegea, mdomo ukaenda upande, akaangukia cherehani. Hakuamka tena.

Mazishini majirani walilia kwa uchungu wa kweli, nyuso zao zikiwa safi.

"Tulimwambia," mama mkwe aliwaeleza waombolezaji. "Zile dawa hazikuwa nzuri."

Makenika aliinamisha kichwa, akasema ni kweli.