Taya la Mpiga Zumari

Mzee Lukumani, mpiga zumari wa pale Tabora mjini, alikuja kwangu, fundi wa meno hospitalini, kudai meno ya bandia ili aweze kupiga tena. Bintiye Maua alikuwa anaolewa baada ya Ramadhani, na mzee aliapa kwamba Yahaya, mshindani wake, hataipigia zumari harusi ile.

"Shikamoo mzee. Leo umekuja na meno mangapi?"

"Marahaba. Acha kunicheka, fanya kazi."

Nikampiga picha ya eksirei, nikaishika dirishani pamoja na ile ya mwaka juzi. Ya zamani ilionyesha taya jeupe, limejaa. Hii mpya ilikuwa na weusi kila mahali, mfupa umeliwa kama mlango ulioingiwa na mchwa.

"Mzee, kisukari kimekutafuna. Bwana Mganga, yule daktari Mwingereza, si alikukataza sukari?"

"Sukari sijaigusa tangu siku ile!" alifoka. "Muulize Maua. Chai yangu natia asali tu."

Nikakaa chini. "Asali kiasi gani?"

"Ya kutosha. Na fizi zikiuma nazipaka hiyohiyo. Mnyamwezi gani asiyepona kwa asali?"

Nikamweleza kwamba asali nayo ni sukari, na taya lile halina tena mfupa wa kubeba meno, yake wala ya bandia.

Akaitazama picha. Kisha akatoa zumari ndani ya kanzu, akaliweka mezani.

"Mpelekee Yahaya," alisema. "Mwambie kwamba Maua anapenda lipigwe taratibu."