Picha ya Tatu

Kiwandani walimwita Bi Rula, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Miaka kumi na tisa alikuwa akichora pasi, feni, pampu, na sasa mashine ya kusagia karanga. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mnunuzi jinsi kitu kinavyofanya kazi kule ndani, jicho lisikofika. Mkurugenzi alikuwa amepiga marufuku maneno kwenye kijitabu cha maelekezo, eti maneno yanataka kutafsiriwa na picha haitaki. Bi Rula alimuunga mkono kwa moyo wote. Alijiona yeye na kalamu yake wanatosha.

Picha ya tatu ndiyo aliyoringia. Aliichora mashine ikiwa imekatwa dirisha ubavuni, ili skrubu kubwa inayosukuma karanga ionekane. Kingo za dirisha akazijaza vistari vya mshazari. Kila aliyesomea uchoraji wa mitambo anajua vistari hivyo: hapa tumekata kwenye karatasi tu, chuma chenyewe ni kizima. Kila aliyesomea, nasema. Wanunuzi hakuna aliyewauliza.

Mdogo wake hakusomea. Alikuwa fundi wa kuchomelea, hodari wa mikono, na kwa dada yake hakuwa na la kupinga. Aliinunua mashine ile kwa sababu dada ndiye aliyeichora. Siku hiyohiyo akawasha grinda yake ya kukatia chuma, akapima picha ya tatu, akakata dirisha ubavuni mwa mashine mpya kabisa. Wiki ya pili mkewe aliingiza mkono humo kusukuma karanga zilizokwama, akapoteza vidole vitatu.

Wakwe walimtoa binti yao hospitali, wakampeleka kwao moja kwa moja. Mwanamume anayetoboa mashine mpya hana akili timamu, walisema, na hatarudishiwa mke mpaka aje na maelezo yanayoingia akilini.

Bi Rula alikwenda kuiona mashine. Ilikuwa imeoshwa. Dirisha limenyooka, pembe zote nne sawasawa, na kwenye kingo mdogo wake alikuwa amekichanja chuma vistari vya mshazari, kimoja baada ya kingine, kama kwenye picha.

"Hivyo vistari ndivyo vilivyonitoa jasho, dada," alisema. "Nikasema labda vinazuia mkono usiteleze."

Bi Rula hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Habari za ajali zilikuwa zimefika kiwandani; kesho yake aliitwa ofisini kwa mkurugenzi, akamkuta na wakili wa kampuni. Wakili alikuwa mpole, wa kukuvutia kiti.

"Swali ni dogo tu, mama. Mtu mwenye akili zake akiitazama picha hii, ataielewa au hataielewa?"

"Ataielewa," alijibu, akatia sahihi karatasi iliyoandikwa hivyo.

Njiani alijiambia kwamba anailinda kazi yake. Uongo mtupu! Kazi angepata nyingine, tena kabla mwezi haujaisha. Kilichomshinda ni kutamka kwamba picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora ilikuwa mbaya.

Jumamosi mdogo wake akamchukua hadi kwa wakwe. Walikaribishwa sebuleni bila tabasamu. Baba mkwe alikaa kiti cha mbele. Wifi yake alikuwa kwenye kochi la pembeni, mkono wa kulia umevimba kwa bendeji. Mdogo wake akakiweka kijitabu mezani, akakifungua kwenye picha ya tatu.

"Dada, waeleze wewe. Wewe ndiye uliyechora. Hii picha inasema kata, au haisemi?"

Alimtazama kwa macho ya mtu ambaye shida yake imekwisha. Bi Rula aliona aibu, aibu ya kweli, na bado ulimi wake ukafuata sahihi yake.

"Haisemi," alisema. "Hiyo ni njia ya kuonyesha ndani. Inajulikana."

Mdogo wake hakupandisha sauti. Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili.

"Basi kosa ni langu, baba. Dada hakosei kuchora."

"Umesikia kwa masikio yako," baba mkwe alimwambia binti yake. "Yameisha."

"Hebu nipeni hicho kijitabu," wifi alisema.

Alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakiweka mapajani. Aliitazama picha muda mrefu, akapitisha kidole kwenye dirisha, juu, ubavuni, chini, mpaka akarudi alipoanzia.

"Hata mimi ningekata," alisema. Kisha akainua macho. "Wifi, ulikuwa unamchorea nani?"

Wifi hakusubiri jibu, akamwambia mumewe akachukue begi lake chumbani, wanaondoka. Baba mkwe alisogeza kiti kuwapisha.

Walipita mbele ya Bi Rula, mke ametangulia, mume na begi nyuma. Mdogo wake hakumuaga.