Baraza Inayovimba

Kila asubuhi Bi Esah alianza kazi kwa kusugua baraza ya hoteli, kutoka upande wa bwawa la kuogelea kwenda upande wa bahari, kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Baraza yenyewe ilikuwa ya zile mbao za siku hizi: unga wa mbao kuukuu na plastiki ya taka, vimeyeyushwa pamoja na kukamuliwa kwa mashine kama tambi. Kiwanda kiliapa kwamba jua halitazipausha wala mvua haitazivimbisha. Unga ulitoka kwenye nyumba za kijiji kilichokuwa papo hapo kabla ya hoteli, na plastiki ilitoka kwenye jalala la kijiji hichohicho. Bi Esah alijua, maana nyumba mojawapo ilikuwa yake.

Kwao Terengganu, pwani ya Malaysia, nyumba ikijengwa, nguzo ya kwanza huvishwa kitambaa kichwani ili nyumba ipate roho. Ikibomolewa, kitambaa hutolewa kwanza. Lakini siku ya tingatinga watu walikuwa wanakimbizana na masufuria na magodoro. Vitambaa hakuna aliyevikumbuka. Vikasagwa pamoja na nguzo.

Kwa hiyo mvua za kwanza baraza ilivimba. Nyumba za wengine zilitoa ngazi tu, au dirisha. Ya Bi Esah ilitoka nzima, ikasimama juu ya nguzo zake katikati ya viti vya wageni, rangi moja ya kahawia, ikinuka dagaa waliochacha kama jiko lake la zamani. Wageni walipiga picha. Jua likitoka ilinywea, ikalala, naye akakaza skrubu zilizolegea.

Mumewe, Mzee Deraman, alikuwa mgonjwa wa mapafu, ghorofa ya nne, kwenye majengo walikohamishiwa. Daktari alishamrudisha nyumbani. Yeye alitaka kufia chini ya nguzo yake.

"Huku juu sifi," alisema. "Malaika atanipataje, na milango yote inafanana?"

Bi Esah akamwendea meneja, Bwana Hairi.

"Mwanangu, nyumba ikiinuka kesho, mzee alale humo. Siku moja tu."

"Imeshakodishwa, Bi Esah. Kuna watu wa harusi."

"Ni nyumba yangu."

"Zilikuwa mbao zako. Sasa ni baraza yetu. Tena mzee akianza kukohoa, nani atakula pilau?"

Basi akawaendea majirani. Kijijini, mtu akihama, wanaume waliingia chini ya nyumba wakaibeba mabegani, nzima nzima. Asubuhi, mvua iliposhika kasi, walikuja walinzi, wafagiaji na madereva, wote wa kijiji kile, wote sasa wa hoteli.

"Esah, umetoa vyombo?" mlinzi mmoja akauliza. "Mara ile tulipoihamisha niliangukiwa na kinu."

"Kinu kiko ghorofani. Beba, acha maneno."

Wakaibeba kwenye barabara kuu. Askari wa trafiki akasimamisha magari, nyumba ikapita.

Penye maghorofa hapakuwa na udongo, ila saruji ya kuegesha magari. Wakaitua hapo. Lifti ilikuwa mbovu tangu Ramadhani, kwa hiyo vijana wanne wakapanda na godoro kumchukua mzee. Wakiwa kwenye ngazi za kushuka, mvua ikakata. Walipofika chini paa lilikuwa limefika magotini. Wakamlaza juu ya mbao.

"Nguzo iko wapi?"

"Umeilalia," mkewe akamwambia.

"Mbona imekuwa fupi hivi?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Lori la hoteli likaja na Bwana Hairi, pamoja na Injinia Yap wa kiwanda. Injinia akapiga magoti, akapima ubao uliokuwa karibu na sikio la mzee.

"Haujapauka. Umerudi kipimo chake kabisa," alisema, akafurahi.

"Pakieni," meneja akasema.

"Na mzee?" mlinzi akauliza.

"Huyo si wetu."

Wakapakia walewale walioibeba, maana ndiyo kazi yao. Walimshusha mzee kwenye saruji taratibu, wakikiangalia kichwa.

"Niachie ubao mmoja tu, mwanangu," Bi Esah akasema. "Alalie."

"Zina dhamana ya miaka kumi, Bi Esah. Ukipungua mmoja, dhamana yote imekufa."

Deraman alikufa lori likiwa bado linapakiwa.

Mbao zilirudishwa zikafungwa kwa skrubu ndefu zaidi. Mvua zilizofuata nyumba haikuinuka. Ulivimba ubao mmoja tu, ukawa na kifua, ukapanda na kushuka, na wageni wakawa wanajikwaa. Meneja akauwekea chungu kikubwa cha maua, na Bi Esah akapewa kazi ya kuyamwagilia. Ubao ukikohoa, chungu hutikisika. Yeye hukishika mpaka kitulie, kisha huendelea kusugua kuelekea baharini.